Dhoruba ya Barafu Ikigeuka Moto

Katika Pathfinder, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika ambao kampuni ya Paizo ya Marekani iliutoa mwaka 2009, mchawi anaweza kutangaza kwamba mpira wake wa moto safari hii ni wa baridi. Dadu ni zilezile, na eneo linalopigwa ni lilelile, futi 20 kutoka katikati kwenda kila upande. Kazi inaanzia kwenye mambo ambayo sihiri hufanya mbali na kuumiza. Mpira wa moto huwasha chochote kinachoshika moto, tena huyeyusha risasi, dhahabu, shaba na fedha. Ukishakuwa wa baridi, je, mapazia yataungua?

Kanuni nyingi hunyamaza hapa. Dungeons & Dragons, kwenye kitabu Tasha's Cauldron of Everything cha 2020, humruhusu mchawi aliyezaliwa na uwezo wake kubadili aina ya madhara kwa pointi 1 tu, bila kusema lolote kuhusu yaliyobaki. Ukiisoma neno kwa neno, baridi inawasha mapazia. Meza nyingi huamua vinginevyo kwa busara zao, lakini busara hiyo haikutoka kitabuni.

Advanced Player's Guide, kitabu cha Pathfinder cha 2010, ndicho kilicholikabili suala hili uso kwa uso. Kina uwezo uitwao Versatile Evocation: mchawi aliyebobea katika kuchanganya nishati hubadilisha asidi, baridi, umeme na moto wakati uleule anapotupa sihiri, mara 3 kwa siku pamoja na nyongeza ya akili yake. Lebo ya sihiri hubadilika kufuata nishati mpya. Athari zisizo za madhara hubaki, isipokuwa pale ambapo nishati mpya inazibatilisha, na neno la mwisho ni la msimamizi wa mchezo. Kisha waandishi wakatoa mfano: dhoruba ya barafu iliyogeuzwa moto inaweza kuendelea kuziba macho, sasa kwa moshi, ila haifanyi tena ardhi iwe ngumu kupitika.

Mfano huo mfupi una thamani zaidi kuliko kanuni yenyewe, kwa sababu unaonyesha namna ya kufikiri. Usiulize athari imeandikwa wapi. Uliza inaletwa na nini, na kama nishati mpya ina kitu cha kushika nafasi hiyo. Theluji iliziba macho, moshi nao unaziba. Theluji ilifunika ardhi, moshi haufuniki ardhi.

Hata hivyo dhoruba hiyo ina fundo ambalo mfano haukulifungua. Hupiga kwa dadu 3 za pande 6 za kipigo cha mvua ya mawe, na dadu 2 za baridi. Uwezo huu hubadili madhara ya nishati peke yake, kwa hiyo zile dadu 3 za kipigo zinabaki. Basi kinachoanguka ni nini, kama barafu haipo? Mimi ningesema ni mawe yanayowaka. Msimamizi akishasema hivyo, mchezaji ana haki ya kuuliza mbona mawe hayo hayazuii miguu. Jibu ninaloliona lina nguvu ni kwamba kipigo ni cha mara moja, sihiri inapotupwa, ilhali theluji hukaa chini raundi baada ya raundi.

Ukuta wa moto ni mgumu zaidi. Sehemu ya futi 5 ikipigwa na baridi ya alama 20 au zaidi katika raundi moja, sehemu hiyo hutoweka. Ugeuze ukuta uwe wa baridi, na sharti hilo linakosa maana: baridi haizimi baridi. Kwa kipimo kilekile, ningeligeuza sharti hilo, moto ndio uuvunje. Lakini madhara maradufu ya ukuta huo dhidi ya wafu wanaotembea ningeyaacha, maana hakuna kinachoyabatilisha.

Suala la lebo nalo huleta faida kubwa. Ultimate Magic, kitabu cha Pathfinder cha 2011, kina Rime Spell, nyongeza inayopandisha sihiri ngazi moja na kumnasa kwa theluji kila aliyeumizwa na baridi, kwa raundi sawa na ngazi ya awali ya sihiri. Kwa mpira wa moto ni raundi 3. Nyongeza hiyo hukubali sihiri zenye lebo ya baridi tu. Mchawi mwenye damu ya nguvu za asili hubadili nishati na kutia nyongeza hiyo wakati mmoja, anapotupa sihiri. Sioni sababu ya kumnyima. Mchawi msomi huandaa nyongeza zake kabla, na wakati huo mpira wake bado una lebo ya moto. Akija kuugeuza vitani, nyongeza ilishakosa pa kushika. Mezani kwangu angeambiwa aandae koni ya baridi.