Uadimu na Thamani: Ukusanyaji wa Vitabu vya Picha vya Watoto kwa Mtazamo wa Butembo na Beni

1.0 Utangulizi

Ukusanyaji wa vitabu adimu vya watoto vyenye picha ni shughuli iliyokuzwa zaidi na wenye mali wa Ulaya na Marekani. Wahakiki wa fasihi ya watoto kwa Kiswahili wameelekeza macho yao kwenye matini, yaani hadithi na mafunzo yake. Picha, karatasi na historia ya nakala yenyewe vimeachiwa wauzaji wa vitabu vya kale. Matokeo yake ni kwamba vigezo vya kuamua kitabu kipi kihifadhiwe vimewekwa na soko.

Makala haya yanavichunguza vigezo hivyo kwa kuvipima na hali ya Butembo na Beni, miji miwili ya Kivu ya Kaskazini katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Hoja yake kuu ni kwamba vigezo vya soko, vikifuatwa huko kama vilivyo, vitahifadhi vitabu ambavyo havikusomwa na kuviacha vipotee vile vilivyosomwa.

2.0 Uadimu wa soko

Kwa mkusanyaji wa kawaida, thamani ya kitabu hutokana na mambo matatu: toleo la kwanza, uchache wa nakala na usafi wake. Mfano mashuhuri ni Alice's Adventures in Wonderland cha Lewis Carroll. Mwaka 1865 zilichapwa nakala 2,000, lakini mchoraji wake, John Tenniel, hakuridhishwa na uchapaji wa picha. Toleo zima likaondolewa, na nakala chache zilizokwisha kutolewa kama zawadi zikaombwa zirudi. Leo zinajulikana nakala ishirini na kidogo tu, nazo huuzwa kwa bei isiyofikiwa na maktaba nyingi.

Kisa hiki kina funzo ambalo wakusanyaji hawalitilii mkazo. Nakala zilizorejeshwa, Carroll alizitoa kwa hospitali ili zisomwe na watoto wagonjwa. Kitabu ambacho leo hakiguswi bila idhini kilikwisha kuwa kitabu cha kushikwa na mtoto kitandani.

Hata hivyo, si haki kumbeza mkusanyaji. Yeye hutofautisha chapa na chapa, hutambua mchapaji, huhesabu kurasa na kuona picha iliyobadilishwa. Uangalifu huo mhakiki wa Kiswahili anauhitaji. Kinachokataliwa hapa si mbinu zake bali mizani yake.

3.0 Elisi na mipaka ya picha

Mizani hiyo huonekana vyema katika Elisi katika Nchi ya Ajabu, tafsiri ya Kiswahili ya kitabu hicho hicho iliyofanywa na St. Lo Conan-Davies na kutolewa na Sheldon Press, London, mwaka 1940. Michoro yake inafuata ile ya Tenniel, isipokuwa Elisi amechorwa kama msichana wa Kiafrika. Sokoni kitabu hiki hutafutwa na wenye kukusanya tafsiri za Alice katika lugha nyingi iwezekanavyo. Mkusanyaji wa aina hiyo anaweza kukimiliki bila kusoma hata sentensi moja ya ndani yake.

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, kitabu hicho ni ushahidi wa jinsi msomaji mtoto alivyofikiriwa. Sura ya msichana imebadilishwa, lakini ulimwengu anaoingia umebaki ule ule wa mchoraji Mwingereza. Mtoto wa Kiafrika amekaribishwa ndani ya picha, ila amekaribishwa kama mgeni. Lugha yake nayo ni Kiswahili Sanifu, ambacho Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilikijenga juu ya Kiunguja kwa ajili ya makoloni ya Waingereza. Kongo ya Wabelgiji haikuwamo katika kamati hiyo. Kwa hiyo mtoto wa Beni alikuwa nje ya kitabu hiki mara mbili: kwa picha na kwa lugha.

4.0 Hali ya Butembo na Beni

Upande wa Kongo, kitabu cha picha kilipitia njia nyingine. Tintin au Congo cha Hergé kilianza kutolewa gazetini huko Ubelgiji mwaka 1930. Kilipochorwa upya kwa rangi mwaka 1946, somo ambamo Tintin aliwaambia wanafunzi Wakongo kwamba nchi yao ni Ubelgiji liligeuzwa kuwa somo la hesabu. Wakusanyaji huthamini matoleo yote mawili, na tofauti hiyo ni muhimu kwa mwanahistoria. Lakini katika yote mawili mtoto Mkongo amechorwa tu, hakuzungumziwa. Visa vya Mbumbulu, vilivyotolewa na serikali ya kikoloni katika gazeti la Nos Images na 100 kati yake kukusanywa kuwa albamu mwaka 1956, vilimlenga msomaji Mkongo, ingawa vilimlenga ili kumwadibisha. Jeunes pour Jeunes, lililoanzishwa Kinshasa mwaka 1968, lilileta vichekesho vilivyochorwa na Wakongo wenyewe, lakini kwa Kifaransa na lugha za vijana wa mji mkuu, si kwa Kiswahili cha mashariki.

Katika eneo la Beni na Lubero upo uhusiano ambao mkusanyaji makini hapaswi kuupuuza. Mapadre Waasumsio walifika huko mwaka 1929. Shirika lao hilo hilo ndilo lililoanzisha na kumiliki Bayard ya Paris, kampuni iliyotoa magazeti ya watoto kama Pomme d'Api (1966), na kwa wasomaji wa Afrika, Planète Jeunes (1993) na Planète Enfants (1998). Ukusanyaji wa Butembo una pa kuanzia katika historia hiyo: nyumba za mapadre, shule za misheni, na makabati ya walimu waliostaafu.

Hata hivyo, vinavyotoweka upesi zaidi ni vijitabu vyembamba vilivyoshikizwa kwa pini: vya kujifunza kusoma, vya hadithi za Biblia na vya afya. Soko haliviulizi. Humo ndimo mara nyingine hupatikana Kiswahili chenye batu na batoto, ambacho msomi wa pwani angekisahihisha kwa wino mwekundu kabla ya kukiorodhesha. Kukisahihisha ni kufuta ushahidi wenyewe.

Uharaka wa kazi hii hauhitaji kuelezwa kirefu. Tangu Oktoba 2014 mauaji ya raia katika eneo la Beni yamewahamisha watu wengi, na familia inayokimbia hubeba sufuria na blanketi kabla ya kitabu. Kisha ukaja mlipuko wa Ebola uliotangazwa Agosti 1, 2018 na kumalizika Juni 25, 2020, ulioua zaidi ya watu 2,200. Michoro ya kufundishia dalili za ugonjwa na kunawa mikono ilibandikwa na kugawiwa kila mahali. Mtoto aliyejifunza kutazama picha kwa makini katika miaka hiyo alifanya hivyo kwa sababu ya kifo. Karatasi hizo hazina toleo la kwanza linaloshindaniwa mnadani. Lakini atakayeandika historia ya picha na mtoto katika Butembo hataweza kuzikwepa.

5.0 Vigezo mbadala

Yafuatayo yanapendekezwa kwa vyuo vya eneo hilo, vikiwamo Chuo Kikuu Katoliki cha Graben kilichoanzishwa Butembo mwaka 1989 na Chuo Kikuu cha Kikristo cha Lugha Mbili kilichoanzishwa Beni mwaka 2007:

(a) Alama za matumizi zichukuliwe kuwa sehemu ya kitabu. Jina lililoandikwa kwa penseli, picha iliyopakwa rangi na mtoto na ukurasa ulioshonwa upya visifutwe wala kurekebishwa.

(b) Lugha iorodheshwe kama ilivyo, bila kusanifishwa, na picha ielezwe pamoja na maneno yake.

(c) Aliyetoa kitabu aulizwe kilisomwaje: na mtoto peke yake, au na darasa zima likizunguka nakala moja.

(d) Pini zenye kutu ziondolewe na nafasi yake ichukuliwe na uzi wa pamba. Gundi ya utepe isitumike. Unyevu wa Butembo na mchwa wa Beni ni maadui wakubwa kuliko mnunuzi yeyote.

6.0 Hitimisho

Uadimu una asili mbili. Kuna kitabu kilichoadimika kwa sababu kilifungiwa, na kuna kilichoadimika kwa sababu kilipita mikono mingi hadi kikachanika. Soko hulipa aina ya kwanza. Taaluma ya Kiswahili ina deni kwa aina ya pili, na deni hilo lalipwa kwa daftari, sanduku kavu na mtu wa kwenda nyumba kwa nyumba kuuliza, mapema iwezekanavyo.