Kinaya na Kejeli: Istilahi Mbili Zisizofaa Kuchanganywa

Miongoni mwa istilahi tuzitumiazo kuelezea tamathali za usemi za Kiingereza, kinaya na kejeli huwasumbua sana walimu na wafasiri. Mara nyingi hutajwa kana kwamba ni kitu kimoja. Maoni yetu ni kwamba ni mambo mawili, na kuyachanganya ni kumpotosha msomaji.

Tuanze na kejeli, kwa kuwa ndiyo iliyo wazi. Huko Bujora, karibu na Kisesa, mashariki ya mji wa Mwanza, hufanyika sikukuu ya Bulabo. Humo Bagika na Bagalu, vyama vya ngoma vya Wasukuma vyenye upinzani wa tangu zamani, hushindana. Pande mbili hucheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule avutaye watazamaji wengi. Manju hujisifu na kumdunisha mpinzani wake kwa nyimbo. Apigwaye kijembe hadhani hata kidogo kuwa anasifiwa, wala watazamaji hawadhani hivyo. Hiyo ndiyo kejeli: dhihaka iliyo dhahiri tangu neno la kwanza.

Sasa tuitazame hotuba ya Antony katika tamthilia ya Shakespeare ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri mwaka 1963, kisha akaitoa upya mwaka 1969 kwa jina la *Juliasi Kaizari*. Antony ameruhusiwa kusema mazishini kwa sharti kwamba asiwalaumu wauaji. Kwa hiyo anawasifu. Anamtaja Brutus na wenzake kuwa ni watu wa heshima, naye anairudia sifa hiyo kila atajapo tendo jema la marehemu. Mwanzoni umati huipokea kama ilivyo. Mwishoni neno lile lile limekuwa shtaka. Lau angalianza kwa kejeli, angalinyamazishwa mara moja. Kinaya ndicho kilichompa njia.

Mwalimu awaambiaye wanafunzi kuwa hiyo ni kejeli huwaondolea jambo lenyewe la kujifunza, yaani safari ya neno kutoka sifa hadi lawama. Mfasiri naye ana wajibu wa namna mbili. Kwanza, achague neno la heshima ya kweli, lisilokwisha kuchakaa kwa mzaha. Pili, alirudie lilo hilo. Akibadilisha visawe kwa kutafuta madaha, tamathali itakufa mikononi mwake.

Wajuao Kiarabu waweza kupinga kwamba katika balagha ya lugha hiyo kinaya si kusema kinyume, bali ni kutaja jambo kwa kificho. Ni kweli. Lakini neno likishahamia huishi kwa desturi ya wenyeji wake, na Kiswahili kimekwisha kulipa kazi hii.

Jambo hili halihusu fasihi peke yake. Karani wa mahakama atafsiriye maneno ya shahidi asemaye, “Jirani yangu ni mwema mno, alinisaidia hata kuvuna shamba langu usiku,” asipotambua kinaya ataandika shukrani mahali palipo na mashtaka ya wizi.

Kwa hiyo twapendekeza kinaya kiwe ni usemi ambao maana yake ni kinyume cha maneno yake, na kejeli iwe ni dhihaka ya wazi. Kinaya chaweza kutumika kwa kukejeli. Lakini si kila kejeli ni kinaya.