Msomi wa Risiti za Mizigo

Risiti ya kifurushi cha reli ni karatasi ya kutupwa. Imeandikwa mtumaji, kituo mzigo unakotoka, kituo unakokwenda, aina ya mzigo, uzito na nauli. Mwenye mzigo akishaupokea, karatasi inaishia kufungia karanga. Mwanahistoria wa Kimarekani Jamie Monson alizikuta risiti za namna hiyo katika vituo vya TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, akazisoma, akazipanga, na zikamsaidia kuandika kitabu ambacho kwangu ni miongoni mwa vilivyo bora kabisa kuhusu uhusiano wa China na Afrika. Kinaitwa Africa's Freedom Railway, na kilitoka mwaka 2009.

Kwa mtu wa Mahongole jambo hili si la mbali. Mahongole ni kata ya Halmashauri ya Mji wa Makambako, mkoani Njombe, na Makambako ndipo reli, barabara kuu iendayo Zambia na barabara ishukayo Njombe hadi Songea zinapokutana. Mkulima wa kata hiyo aliyejaza gunia lake la viazi kwa lumbesa yuko ndani ya siasa za kimataifa hata kama hajawahi kumwona balozi. Shida ni kwamba kwa miaka mingi wasomi wa siasa hizo hawakumtazama.

Walikuwa na sababu. Hadithi ya juu ilikuwa tamu mno. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru, na Zambia, ambayo shaba yake ilipita kusini kwenda baharini, ikajikuta shingo imo mikononi mwa kiongozi wao, Ian Smith. Nchi za Magharibi zilikuwa zimekwisha kusema reli ya kwenda Dar es Salaam hailipi. China ikakubali. Mkataba ulitiwa saini Beijing Septemba 1967, ukafuata mkopo usio na riba wa yuan milioni 988, ujenzi ukaanza 1970, na tarehe 14 Julai 1976 njia ya kilomita 1,860 ikakabidhiwa kwa wenyewe. Siku hiyo Waziri wa Mambo ya Nje wa Tanzania alikuwa Ibrahim Kaduma, mzaliwa wa Njombe. Wenye kejeli huko Ulaya na Marekani waliita mradi huu reli ya mianzi. Nadhani hawakuwahi kufika Ubena, huku Njombe, ambako mwanzi unatoa pombe ya ulanzi na mtu haudharau hata kidogo.

Juu ya hayo yameandikwa mengi, na mengine ni mazuri sana. George T. Yu alichapisha mwaka 1975 uchunguzi wake wa sera ya China Afrika akiitumia Tanzania kama mfano. Mwaka 1981 K. Mathews na Samuel Mushi walihariri mkusanyiko wa makala kuhusu sera ya nje ya Tanzania katika miaka yake ishirini ya kwanza. Ukitaka kujua nani alikutana na nani, nani alikopa, na kwa masharti gani, anza huko.

Monson aliingia kwa mlango mwingine. Kabla ya reli alikuwa amezama katika historia ya Bonde la Kilombero na Nyanda za Juu Kusini, na mwaka 1998 alichapisha makala kuhusu vita ya Maji Maji katika ukanda huu. Mazoea yake yanaonekana tangu hapo. Haridhiki na maelezo kwamba watu waliinuka dhidi ya Wajerumani, basi. Anarudi nyuma hadi miaka ya 1870, anauliza watawala wa eneo hili walikuwa wameoana wapi, walipigana na nani, nani alimwogopa jirani kuliko alivyomwogopa mgeni. Mtu aliyezoea kuuliza hivyo kuhusu vita ya 1905 hawezi kuiangalia reli akaona marais wawili wa Afrika na mwenyekiti mmoja wa China tu.

Sasa turudi kwenye risiti. Risiti moja haisemi kitu. Mtu kapeleka magunia mawili kutoka kituo fulani, kwisha. Ukiwa na mamia, ukazitenga kwa kituo, kisha kwa mwezi, kisha kwa aina ya mzigo, zinaanza kuzungumza. Kati ya Mlimba na Makambako reli inapanda zaidi ya mita elfu moja kwa umbali wa takribani kilomita 150. Chini ni joto, mpunga na ndizi. Juu ni baridi, mahindi, maharage na viazi. Misimu haifanani, cha huku kikiwa haba, cha kule kinaweza kuwa tele. Mfanyabiashara mdogo aliishi katika tofauti hiyo, na usafiri wake ulikuwa treni ya kawaida, ile iliyosimama kila kituo, siyo ya haraka. Reli iliyojengwa kwanza ili shaba ifike bandarini bila kumpigia magoti mlowezi ikawa, kwa mikono ya watu hawa, gulio refu linalotembea. Huwezi kuliona hilo kwa kusoma mkataba wa 1967, hata ukiusoma mara mia.

Ninachokipenda zaidi ni kwamba Monson haiachi risiti peke yake. Anaifuata kwa mazungumzo marefu na watu wa kando ya njia: wafanyabiashara, wakulima, wazee waliofanya kazi ya ujenzi. Anawasikiliza kwa Kiswahili, na anataka maisha yote ya mtu, siyo dakika kumi za reli. Vijana walioandikishwa kupitia chama cha TANU na Jeshi la Kujenga Taifa wanajitokeza katika maandishi yake wakiwa watu wazima wenye kumbukumbu zao. Wanasimulia kipande cha Mlimba hadi Makambako, chenye mahandaki na madaraja mengi, kilichokuwa kigumu kuliko vyote. Wanasimulia jinsi mafundi wa Kichina, bila lugha ya kuelewana nao, walivyofundisha kwa kufanya wenyewe kwanza. Pia wanasema kambi zilitengwa. Urafiki ulikuwepo na umbali ulikuwepo, na mwandishi anaviacha vyote viwili vikae kwenye ukurasa mmoja. Mwandishi wa propaganda angefuta kimoja, mkosoaji wa China angefuta kingine.

Vivyo hivyo kwa vijiji vya Ujamaa vilivyopangwa kando ya njia, ambavyo pamoja na mengine vilitegemewa kuilinda reli. Ni sera ya usalama wa nchi, lakini mwandishi anatuonyesha matokeo yake shambani: nani alihamishwa, nani alipata ardhi karibu na kituo, nani akageuza ulinzi kuwa biashara. Katika makala yake ya mwaka 2006, wakati wa ulegezaji wa uchumi, wanakijiji wanaitetea huduma ya treni yao wakisema reli hii ni ya watu. Maneno waliyoyasikia jukwaani wakati wa ujenzi waliyahifadhi, siku ikafika wakayarudisha kwa wakubwa.

Nina manung'uniko mawili. Risiti haioni mzigo usiokatiwa risiti, na kila aliyepanda treni anajua mizigo ya namna hiyo ilivyo mingi. Mahojiano yanaziba sehemu ya pengo hilo, siyo lote. La pili ni kwamba kitabu kiko kwa Kiingereza. Watu waliotoa habari zake walizitoa kwa Kiswahili, na mjukuu wa mjenzi aliyepo Mahongole leo hawezi kukisoma mpaka afaulu lugha nyingine kwanza. Chuo au mchapishaji wetu angepaswa kulishughulikia hilo kabla ya mwingine.

Kazi ya aina hii inahitajika tena sasa. Septemba 2024, jijini Beijing, marais wa Tanzania, Zambia na China walishuhudia kutiwa saini kwa makubaliano ya awali ya kuifufua TAZARA, huku Marekani ikiunga mkono njia ya reli ya Lobito inayoelekea Angola. Wachambuzi wameshaandika nani anamshinda nani. Mimi ningependa kusoma kazi ya mtu atakayekaa stesheni ya Makambako msimu mzima na daftari, aandike treni ya abiria imekuja siku gani na haikuja siku gani, gunia la viazi limelipiwa kiasi gani kwenda Mlimba, na ni nani aliyeamua kulipakia kwenye lori badala ya behewa.