Nani Anamsoma Mwana Kupona? Juu ya Uchunguzi wa Wanawake katika Taaluma Mbalimbali

Kila anayesomea Kiswahili katika chuo kikuu hukutana siku moja na Mwana Kupona binti Mshamu. Hukutana naye kwa muda wa saa mbili hivi, baina ya Al-Inkishafi na mashairi ya Muyaka, kisha humwacha. Katika daftari la mwanafunzi hubaki maneno machache: mshairi wa kike wa Pate, karne ya 19, utendi wa beti 102, dhamira ni utii wa mke kwa mumewe. Baadaye, mwanafunzi huyohuyo akienda kusikiliza somo la historia, la sheria au la etnolojia, humkuta Mwana Kupona tena, lakini safari hii amekuwa tanbihi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba taaluma hizo, kila moja kwa njia yake, zimekata kipande cha utendi na kukiita "mwanamke wa Kiswahili". Na kwamba uchunguzi wa wanawake na jinsia katika vyuo vyetu hautafika mbali ukiendelea kuwa jumla ya vipande vya namna hiyo.

Tuanze na jina la kazi yenyewe, kwa sababu kosa la kwanza limo humo. Alice Werner alipouchapisha utendi huu mwaka 1917 aliuita kwa jina lake la kawaida, yaani Utendi wa Mwana Kupona. Mwaka 1934, yeye na William Hichens walipoutoa upya kama kitabu, waliupa jina la Kiingereza ambalo maana yake ni wosia wa Mwana Kupona juu ya wajibu wa mke. Jina hilo halimo katika utendi. Tangu hapo msomaji wa kigeni, na baada yake msomaji wetu, huingia mlangoni akiwa amekwisha kuambiwa atakachokiona ndani. Hutafuta wajibu wa mke, naye huupata, maana kweli umo: mke amwombe mumewe ruhusa ya kutoka, amkande, ampepee, asimwamshe akilala, ajipambe kwa ajili yake. Ila huruka mambo mengine ambayo si haba. Huruka mwanzo, ambapo mama mgonjwa, aliyeugua mwaka mzima, anamwita binti yake aketi karibu na kuchukua wino na karatasi. Huruka kumbukumbu za ndoa ya mama huyo. Huruka pia ile dua ndefu, ambapo mwanamke anawaombea watoto wake na jamaa zake, kisha anajiombea mwenyewe apone. Wosia wa ndoa ni sehemu moja ya usemi wa mtu anayedhani kwamba anakufa. Mhakiki asiyeupima wosia huo pamoja na dua bado hajauhakiki utendi.

Wanahistoria nao wana kipande chao. Mumewe Mwana Kupona, Bwana Mataka, alikuwa mtawala wa Siu aliyempinga Sayyid Said wa Zanzibar kwa miaka mingi, na katikati ya miaka ya 1840 majeshi ya Sayyid yalishindwa vibaya huko Siu. Bwana Mataka alifariki mwaka 1856, na utendi ni wa mwaka 1858. Kwa hiyo aliyetunga ni mjane, mji wake uko hatarini, naye ana binti wa kuozwa na hajui kama atakuwa hai siku ya harusi. Habari hizi zote zimo vitabuni, lakini zimewekwa katika sura ya vita na siasa; utendi unatajwa hapo ili kumtambulisha mke wa Bwana Mataka. Mwanahistoria hakuuliza mbona wosia wa namna hii uandikwe wakati huo hasa. Mhakiki wa fasihi, ambaye ndiye angeuliza, hakusoma habari za Siu. Binti wa kabaila aliyefiwa na baba, na ambaye karibu atafiwa na mama, hana ngao nyingine ila heshima yake na mume atakayempata. Kwa kuupima hivyo, ushauri mwingi unaoonekana kuwa wa unyonge unageuka kuwa hesabu ya mama anayejua nguvu ziko kwa nani.

Ni katika Kitivo cha Sheria, hata hivyo, ambako utendi huu unaweza kuleta madhara au manufaa zaidi kwetu sisi wa Kongo. Kifungu cha 444 cha Sheria ya Jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987 kilitamka kwamba mume ni mkuu wa nyumba, kwamba anapaswa kumlinda mkewe, na kwamba mke anapaswa kumtii mumewe. Kifungu cha 448 kilimtaka mke apate idhini ya mume kabla ya kufanya tendo la kisheria linalomfunga. Idhini hiyo iliondolewa na sheria ya tarehe 15 Julai 2016, lakini ukuu wa mume katika nyumba ulibakizwa. Mara kadhaa nimesikia katika mijadala ya wanafunzi Mwana Kupona akiitwa kuwa shahidi wa kifungu cha 444: tazameni, husema msemaji, hata mama zetu wa Kiswahili walifundisha hivyo, basi sheria imefuata mila. Hoja hii ni dhaifu kwa pande zote mbili. Kwanza, maneno ya kifungu hicho yanafuata nyayo za sheria za kiraia za Ulaya, zile za Napoléon na za Ubelgiji, kuliko nyayo za mama yeyote wa Pate. Pili, utendi haulazimishi kwa nguvu ya dola. Katika utendi mke anamtii mume kwa kuwa siku ya kiyama radhi ya mume itahesabiwa. Wala hakuna mahali anapoambiwa kwamba hawezi kuuza, kununua au kushtaki bila mkono wa mume. Sheria ya Kiislamu aliyoifuata Mwana Kupona ilimwachia mke mali yake mwenyewe. Mke wa Lubumbashi wa mwaka 1990 aliyetaka kuweka saini ya mkataba alikuwa amefungwa kwa kamba ambayo Mwana Kupona hakuijua.

Hapo ingefaa sana wanasheria wetu wasome kitabu cha Susan Hirsch cha mwaka 1998 juu ya mahakama za Kadhi za Mombasa na Malindi. Hirsch si mwanasheria; ni mwanaanthropolojia aliyesikiliza lugha. Alikuta kwamba jamii inamtazamia mume atamke, hasa talaka, na mke avumilie kimya. Lakini wanaoleta mashtaka mbele ya Kadhi kwa wingi ni wanawake, na mara nyingi wanashinda. Gharama yake ni kwamba ili ashinde, mwanamke hana budi kusimulia hadharani mambo ya ndani ya nyumba, na usimulizi huo wenyewe unamtia doa. Kimya ni heshima, na kusema ni haki, wala mtu hapati vyote viwili kwa urahisi. Baada ya kusoma hayo mtu akirudi kwa Mwana Kupona huona jambo lililokuwa limefichika: utendi unaomfundisha mke aupime ulimi wake umetungwa na mwanamke aliyefungua kinywa kwa beti 102, akataja ndoa yake, maradhi yake na jina lake mwenyewe.

Jambo hili Ann Biersteker alilikaribia kabla ya Hirsch, katika makala yaliyotoka mwaka 1991 juu ya lugha, ushairi na nguvu. Alitaka utendi usisomwe kama orodha ya amri, bali kama kazi ya mwanamke anayejua lugha inaweza kufanya nini. Kwa kweli lipo neno katika utendi linalompa haki: mume atunzwe kama mtoto mchanga asiyejua kusema. Je, huyo anayetunzwa hivyo ni bwana, au ni mlezi anayemshika mkononi? Makala yale yalitutoa katika usomaji wa daftari, na ninayaheshimu. Lakini nina shaka moja. Usomaji unaotafuta kejeli nyuma ya utii humkomboa bibi wa nyumba peke yake. Utendi una mwanamke mwingine, naye hakombolewi na kejeli yoyote.

Binti anaonywa asichanganyike na watumwa ila wakati wa kazi, kwani watamvuta katika mwendo mbaya. Niliwahi kufundisha sehemu hiyo, na mwanafunzi mmoja wa kike, ambaye siku zote alikaa kimya, akauliza: "Mwalimu, wakati bibi anampepea mume, mjakazi alikuwa wapi?" Darasa likacheka. Sikuwa na jibu zuri siku ile. Nilisema kwamba somo letu ni fani na maudhui, tukaendelea na vina na mizani. Ninaliandika hili kwa sababu ndilo kosa ninalolishtaki katika makala haya, na nililitenda mimi mwenyewe: swali la jinsia lilipotokea likiwa limeshikana na swali la tabaka, nililipeleka kwa taaluma jirani na kufunga mlango.

Jibu lilikuwako. Margaret Strobel, katika kitabu chake cha mwaka 1979 juu ya wanawake Waislamu wa Mombasa, alionyesha jinsi waungwana na watumwa wa kike walivyotenganishwa, na jinsi hata hivyo ngoma na mafunzo ya makungwi yaliyotoka kwa watumwa yalivyoingia katika maisha ya waungwana. Maana yake ni kwamba onyo la Mwana Kupona halikutolewa bure. Mama anaonya juu ya jambo linalotendeka: wasichana wa nyumba kubwa walikuwa wakijifunza kwa wajakazi elimu ambayo utendi hauitaji. Na Strobel pamoja na Sarah Mirza walitoa mwaka 1991, kwa Kiswahili chenyewe, Wanawake Watatu wa Kiswahili, masimulizi ya maisha kutoka Mombasa; mmojawapo, Mishi wa Abdala, ni wa kizazi cha watumwa. Huyo ndiye anayeweza kuketi mbele ya Mwana Kupona darasani. Mmoja ameandika kwa ushairi wa hati za Kiarabu, mwingine amesema mbele ya mashine ya kunasa sauti, na wote wawili kwa Kiswahili.

Kuhusu etnolojia nitasema kidogo. Audrey Richards aliona chisungu cha Wabemba mwaka 1931, akakiandikia kitabu mwaka 1956, na Wabemba wako pande zote mbili za mpaka wa Katanga. Huko pia msichana anafundishwa kumheshimu mume, kwa nyimbo na vinyago vya udongo, na mwalimu ni mwanamke anayeogopwa na wote. Mwanafunzi wetu anayetoka katika jamaa kama hizo ana ufunguo wa utendi ambao msomaji wa London hakuwa nao. Hatujamwomba autumie.

Mara nyingi programu zetu huliweka suala la wanawake katika saa za mwisho wa mwaka, wakati mtihani umekaribia na mwalimu amechoka. Ninapendekeza jambo dogo tu: maandishi mamoja, utendi huu kwa mfano, yasomwe kwa juma tatu na walimu wa vitivo vitatu wakiwa chumbani pamoja, mwanasheria akiwa na vifungu vyake vya 1987 na 2016, mwanahistoria akiwa na habari za Siu, nasi tukiwa na matini ya Kiamu pamoja na sherehe zake, maana Kiswahili cha Lubumbashi kiko mbali na Kiamu na mwanafunzi asisingiziwe kwamba anaelewa. Toleo la J. W. T. Allen la mwaka 1971 linatosha kwa kuanzia.

Kuna wenzetu wanaosema bora kazi hii iondolewe, kwa kuwa inawafunza mabinti unyonge. Wasome ukurasa wa mwisho. Mwana Kupona anawaita wanawake, si binti yake peke yake, wasome na waelewe maana. Ni mwaka 1858, naye anachukua kwamba wako wanawake wa kusoma. Sophie Kanza, Mkongomani wa kwanza wa kike kupata shahada ya chuo kikuu, aliipata mwaka 1964, huko Geneva.