Maji ya Mutomo Ndani ya Rejeta

Gari lilichemsha tukiwa tumeshaipita Ikanga, tunaelekea Kitui. Ni Probox yangu mwenyewe, imebeba magunia ya ndengu kutoka Mutomo, saa nane mchana, mwezi wa Februari. Taa nyekundu iliwaka, mvuke ukatoka chini ya boneti, nami nikafanya kama ambavyo wengi hufanya. Nilisimama kivulini nikangoja injini ipoe, kisha nikajaza maji ya mtungi niliyoyachota asubuhi kwenye kisima kirefu. Gari likafika Kitui. Juma lililofuata likachemsha tena.

Mafundi watatu walilishika gari hilo. Wa kwanza aliniuzia chupa ya kulanti ya kijani akaimimina juu ya ile nyekundu iliyokuwamo. Wa pili alitoa themostati akaitupa, akasema huku kwetu kuna joto, haina kazi. Wa tatu, mzee mmoja asiyependa maneno mengi, alichomoa hosi ya juu, akaingiza kidole kwenye mdomo wa rejeta, akanionyesha unga mweupe uliokauka kama chokaa ya ukutani.

"Mwalimu," akaniambia, "hii imeota mawe kama birika la chai."

Huku Ukambani, swali la kulanti ni swali la maji kabla ya kuwa swali la kulanti. Madukani tunabishana kuhusu rangi na bei ya chupa, na nusu ya kile kinachozunguka ndani ya injini hatukiulizi kimetoka wapi.

Tuanze na hesabu. Mji wa Kitui uko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,150, na huko maji matupu huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Injini yenyewe hupenda kufanya kazi kati ya nyuzi 80 na 100, kwa hiyo maji yakiachwa wazi hayana nafasi ya kupumua. Kinachoyaokoa ni kifuniko cha rejeta. Kwenye magari mengi ya Kijapani kimeandikwa 0.9 au 1.1, yaani kinashikilia shinikizo karibu sawa na lile la hewa yote iliyo juu yetu. Kifuniko kizima cha 1.1 hupandisha kiwango cha kuchemka pale Kitui hadi karibu nyuzi 119. Glaikoli, kile kiini cha kulanti, ikichanganywa nusu kwa nusu na maji, huongeza nyuzi saba au nane tu juu ya hapo. Kipande cha bati chenye springi na mpira, cha bei ndogo kuliko chupa ya kulanti, kinazuia kuchemka mara tatu zaidi ya kulanti yenyewe. Mpira wake ukipasuka, unaweza kumwaga kulanti ya bei yoyote ile na gari lichemshe vilevile. Changu kilikuwa kimepasuka. Hakuna fundi kati ya wale wawili wa kwanza aliyekitazama.

Basi kulanti ni ya nini, kwetu sisi tusioijua barafu? Ni ya kuzuia kutu. Injini ya Probox, ile 1NZ ya sentimita 1,500 za ujazo, ni ya alumini, na alumini haipendani na maji matupu, sembuse ya chumvi. Ndani ya kulanti mna dawa zinazotandaza ngozi nyembamba juu ya chuma, na ngozi hiyo ndiyo tunayoilipia. Dawa hizo huisha. Kulanti nyekundu ya zamani ya Toyota hubadilishwa kila baada ya miaka miwili au kilomita 40,000. Ile ya waridi iliyoifuata hufika kilomita 160,000 mara ya kwanza, kisha kila 80,000. Gari lililonunuliwa limetumika halina hiyo mara ya kwanza. Lihesabie kilomita 80,000.

Waundaji magari wa Japani hutumia dawa za fosfeti na huepuka silikati, wakihofia kwamba hukwaruza sili ya pampu ya maji. Wa Ulaya wamefanya kinyume. Maji ya mifereji yao katika nchi nyingi ni magumu, yamejaa kalisiamu, na kalisiamu ikikutana na fosfeti hugandamana na kuwa mawe. Kwa hiyo wao wameikimbia fosfeti. Sasa tazama ramani yetu. Magari yetu mengi yametoka Japani na kulanti yake ya fosfeti. Maji ya visima vingi virefu vya Kitui Kusini ni ya chumvi na magumu kiasi kwamba sabuni inakataa kutoa povu. Tumechukua dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya maji laini tukaikorogea katika maji ambayo Mjerumani angeyaogopa.

Ndivyo mawe yalivyoota ndani ya rejeta yangu. Kila nilipoongeza maji ya kisima nilileta kalisiamu mpya. Sehemu yake ikaganda kwa joto, nyingine ikaishika fosfeti na kuimaliza. Gamba hilo hupitisha joto kidogo mno kuliko alumini, zaidi ya mara 50 kwa uchache. Mirija ya rejeta ni myembamba kama utepe, haihitaji gamba nene. Na fosfeti ikiisha, kutu inaanza.

Kuhusu rangi, sina mengi. Rangi ni wino tu. Kijani cha kampuni moja ni fosfeti, kijani cha nyingine ni silikati. Soma kilichoandikwa mgongoni mwa chupa, kwamba inafaa magari ya Asia, au fuata kitabu cha gari. Kumwaga kijani juu ya nyekundu hakulipui injini, bali hufupisha maisha ya zote mbili, na baadaye hutajua unachokibadilisha ni kipi.

Na themostati? Ni vali inayofunguka kwenye nyuzi 82 hivi. Ukiitoa, injini huchelewa kupata moto, inakunywa petroli zaidi na oili inachafuka mapema. Tena kwenye injini nyingi ndiyo inayofunga njia ya mkato. Bila hiyo, sehemu ya maji huzunguka ndani ya injini yasipite kwenye rejeta kabisa. Fundi wa pili alikuwa ameliongezea gari joto akidhani analipoza.

Yule mzee alifanya hivi. Alimwaga kila kitu gari likiwa limepoa. Akasuuza kwa maji ya mvua. Akayeyusha asidi ya limau, ile ya unga inayouzwa kwa waokaji, kidogo ndani ya maji mengi, akaendesha injini hadi ikapata moto, akaimwaga kabla haijakaa sana. Maji yalitoka kama maziwa. Akasuuza mara nne, hadi yakawa maangavu. Wapo wanaotumia maji makali ya betri au dawa ya choo. Hizo hula alumini pamoja na mawe. (Mama mkwe wangu wa Mutomo, anayeng'arisha shaba kwa ukwaju, aliuliza kwa nini tusitumie ukwaju. Nyuzi zake zingeziba mirija, mama.) Kisha themostati mpya, kifuniko kipya, na kulanti nusu kwa maji nusu. Mfumo wote unachukua kama lita tano.

Maji gani? Yaliyochujwa kwa mvuke yanayouzwa kwa ajili ya betri ni bora, ila hakikisha si asidi, maana kuna maduka yanayoviita vyote viwili maji ya betri. Ya mvua kutoka kwenye bati, kwenye tangi la plastiki, yanafuata. Yale yanayokingwa juu ya miamba ya Mutomo ni ya mvua pia, yanafaa yakichujwa. Ya kufukua mchangani yanatofautiana mto kwa mto. Wala usidanganywe na ung'avu: chemchemi ya Umani kule Kibwezi ni safi kama kioo, lakini maji yake yamepita kwenye mawe ya volkano ya Chyulu, na kinachoyeyuka hakionekani kwa macho.

Kulanti iliyomwagwa usiiache kwenye karai uani. Glaikoli ni tamu na inaua. Mbwa huilamba, mbuzi huionja, na mtoto hajui tofauti.

Probox imemaliza kiangazi kimoja tangu siku hiyo, mizigo ileile, njia ileile, bila kuchemsha. Mvua za Novemba zikifika, iache ya kwanza ioshe bati, kisha jikingie mtungi wa lita 20, uufunike, uuandike "gari", na mtu yeyote nyumbani asiupikie chai.