Kengele ya 911 Inayolilia Dawati Tupu

Sheria ya Kari, ile ya Texas ya mwaka 2015 kuhusu kupiga 911 kwa simu za majengo, ilipatia karibu kila jambo. Kisha ikaongeza kifungu kimoja kilichoharibu kazi. Inamtaka mwenye mfumo wa simu aupange ili, mtu yeyote ndani ya jengo anapopiga 911, taarifa ifike papo hapo mahali palipoteuliwa, yaani kwa kawaida mapokezi. Halafu inasema mwenye mfumo halazimiki kuwa na mtu mahali hapo wa kuipokea. Kengele lazima iwepo, wa kuisikia si lazima. Tume ya Mawasiliano ya Marekani, FCC, ilipopitisha kanuni zake tarehe 1 Agosti 2019, ilipita njia ileile: taarifa iende mahali ambapo yaelekea mtu ataiona au ataisikia, lakini hakuna wajibu wa kuweka mtu hapo saa zote.

Uamuzi huo ni mbovu. Ubovu wake hauonekani kwenye kurasa za sheria. Unaonekana kwenye menyu ya PABX, mtambo wa simu za ndani ya ofisi, kwenye ekstensheni ya mapokezi, saa kumi na mbili jioni.

Waliowahi kukaa mbele ya menyu hiyo wanajua mambo yanavyokwenda. Fundi anafungua njia ya 911 bila kudai 9 ya laini ya nje. Anapanga muda wa kuijaribu na kituo cha 911, simu inapita, anaweka alama ya vema kwenye karatasi yake. Inabaki taarifa ya ndani. Mfumo unamuuliza iende ekstensheni gani, naye anachagua ya mapokezi kwa sababu ndiyo ya kwanza kwenye orodha na sheria inaikubali. Haulizi ekstensheni hiyo imeshapangiwa nini. Kumbe ina maelekezo ya miaka mingi: isipopokelewa baada ya miito minne, iende kwenye ujumbe wa sauti; ofisi ikifungwa, mfumo uingie hali ya usiku na kila simu ipokewe na sauti iliyorekodiwa. Kwenye mifumo inayotoa taarifa ya 911 kama simu inayolia, taarifa hiyo nayo isipotengwa hufuata maelekezo hayohayo. Mtu anaanguka ghorofa ya nne saa tatu usiku, mwenzake anapiga 911, na kengele iliyokusudiwa kuwaita walinzi inaishia kwenye kisanduku cha ujumbe kitakachofunguliwa kesho yake saa mbili asubuhi.

Mifumo mingine hutuma barua pepe. Hapo kosa hubadilika sura tu: anwani ni ya meneja wa ofisi aliyeacha kazi, au ni ya mtu mmoja ambaye usiku simu yake huwa imezimwa sauti. Mingine huwasha maandishi mekundu kwenye kioo cha simu ya mapokezi, simu iliyo nyuma ya mlango uliofungwa. Yote hayo yanatimiza sheria. Mkaguzi akija atakuta kila kisanduku kimejazwa.

Watetezi wa kifungu hicho wana hoja moja, na ni haki kuitaja kwa uzito wake. Kuna fundi viatu mwenye simu tatu, kuna ofisi ya wakili inayofungwa saa kumi na moja. Ukimlazimisha kila mmoja aweke mtu usiku kucha, unamfilisi kwa ajili ya kengele ambayo huenda isilie kamwe. Hoja hiyo ingetosha kama jengo tupu na dawati tupu vingekuwa kitu kimoja. Ofisi ya wakili ikifungwa, hakuna wa kupiga 911 kutoka ndani. Shida iko kwenye majengo ambayo dawati linafungwa na watu wanabaki: hoteli, nyumba za kutunza wazee, mabweni, maghala ya zamu ya usiku. Kifungu kingeweza kusema taarifa imfikie mtu aliye kazini muda wote ambao kuna watu ndani ya jengo. Maneno machache tu, na fundi viatu asingedaiwa chochote. Texas iliandika msamaha wa wote kwa sababu ya wachache, na FCC ikaufuata kwa nchi nzima.

Na hapa jambo linawagusa wasomaji wengi wa Kiswahili wanaoishi Arlington, Irving, Grand Prairie na kusini-magharibi mwa Houston. Zamu ya usiku katika nyumba za wazee na hoteli za miji hiyo inashikwa pia na wahamiaji, na Waafrika Mashariki wamo miongoni mwao. Muuguzi msaidizi yuko kwenye korido ya nyuma na mzee aliyepoteza fahamu. Mwenzake yuko upande wa pili wa jengo, hajui kitu. Simu ya 911 imepigwa kutoka chumba cha 118, gari la wagonjwa limeshaondoka kituoni, na taarifa ambayo ingemfanya yule mwenzake akimbie kufungua mlango wa mbele inalilia dawati la mapokezi lililofungwa tangu jioni. Kazi ya taarifa ya ndani ni hiyo hasa: mlango ufunguliwe, lifti ishikwe, mtu asimame nje aonyeshe njia. Dallas ina jengo la ghorofa 72, Houston ina la 75. Huko mhudumu wa dharura anayefika bila wa kumpokea ameshapoteza dakika kabla hajagusa kitufe cha lifti.

Kisa kilichozaa sheria kinajulikana. Tarehe 1 Desemba 2013, mjini Marshall, mashariki mwa Dallas kwenye barabara kuu ya I-20, Kari Hunt aliuawa katika chumba cha moteli. Binti yake wa miaka tisa alipiga 911 mara nne kwa simu ya chumbani, kama alivyofundishwa, na mara zote nne simu haikutoka kwa sababu mfumo ulitaka 9 kwanza. Babu yake, Hank Hunt, ndiye aliyeisukuma sheria, Texas kwanza na kisha Washington. Januari 2014 Ajit Pai, wakati huo kamishna wa FCC, aliwaandikia wakuu wa kampuni kumi kubwa za hoteli akiwauliza mgeni akibonyeza 911 chumbani anampata nani. Majibu yaliyokusanywa na sekta yenyewe yalionyesha kuwa zaidi ya nusu ya hoteli hazikumpa mgeni njia ya moja kwa moja. Kwa mifumo mingi, kurekebisha kasoro hiyo ni kazi ya kubadilisha mpangilio wa namba, bila kununua kifaa hata kimoja.

Sehemu ya kupiga moja kwa moja Texas iliifanya vizuri: kuanzia Septemba 2016 iliwabana hata wenye mifumo ya zamani, na asiyeweza alitakiwa aombe msamaha na abandike maelekezo kando ya simu.

Sheria ya taifa ndiyo iliyolegea tena. Sheria ya Kari ya shirikisho, iliyopelekwa bungeni na Louie Gohmert wa mashariki mwa Texas, ilitiwa saini tarehe 16 Februari 2018, miaka 50 kamili tangu simu ya kwanza ya 911 ipigwe Haleyville, Alabama. Inahusu mifumo iliyotengenezwa, iliyoingizwa nchini, iliyouzwa, iliyokodishwa au iliyofungwa baada ya tarehe 16 Februari 2020. Moteli yenye PABX ya mwaka 2005 iliachwa ilivyo. Mfumo wa aina ile uliomnyima mtoto wa Marshall njia ya kutoka ndio ambao sheria yenye jina la mama yake haiugusi nje ya majimbo yenye sheria zao. Safu hii haitachoka kulisema hilo. Na hata kwa mifumo mipya, taarifa ya ndani inadaiwa tu pale mfumo unapoweza kuitoa bila kuboreshwa kwa vifaa wala programu.

Zamani taarifa haikukosa msikilizaji hivi. Katika hoteli kubwa za katikati ya Dallas na Houston, opereta wa swichibodi alikaa usiku kucha mbele ya ubao wake. Taa ya chumba ikiwaka aliiona, na mgeni akisema ana maumivu ya kifua, opereta mwenyewe ndiye aliyempigia daktari na kumwita mlinzi. Taarifa na msikilizaji vilikuwa kwenye kiti kimoja. Alipoondolewa opereta, mashine zilirithi kazi ya kuunganisha simu, na kazi ya kusikia haikurithiwa na yeyote.

Dallas yenyewe ina deni kubwa katika historia hii, na lingelipwa vizuri zaidi kwa kuwakumbuka wawili. Wa kwanza ni Thomas Carter, aliyewauzia wachimba mafuta na wafugaji kifaa chake, Carterfone, kilichounganisha redio na simu kwa kulaza mkono wa simu juu ya kitako, bila waya kugusana. AT&T ilikipiga marufuku. Carter alikwenda mahakamani, akapelekwa FCC, na Juni 1968 akashinda. Ushindi huo ndio uliofungua mlango kwa ofisi kununua PABX yake popote na kuiunganisha na mtandao wa umma. Kabla ya hapo mashine ilikuwa ya kampuni ya simu, na lawama pia. Baada ya Carter, mwenye ofisi ndiye mwenye mashine na ndiye mwenye mipangilio yake. Aliyepewa haki hiyo angestahili kudaiwa wajibu unaolingana nayo, na kifungu cha mwaka 2015 kinamwondolea.

Wa pili ni Gordon Matthews, mwasisi wa VMX, kampuni ya Dallas, aliyepata hataza ya ujumbe wa sauti mwaka 1983. Matthews aliitengeneza mashine yake kwa ajili ya maneno yanayoweza kusubiri: mkutano umehamishwa, mzigo umefika, nipigie ukirudi. Ilikuwa kazi safi. Kuielekezea kengele ya 911 ni kuipa mashine ya subira jambo lisilosubiri, na hakuna mwongozo wa fundi unaopaswa kuliacha hilo lipite.

Kuna kosa la pili ambalo makampuni yenye ofisi Dallas na tawi Houston hulirudia kila yanapounganisha simu zao kwenye laini za makao makuu. Mfanyakazi wa Houston akipiga 911, simu husafiri kwanza hadi Dallas, kilomita zipatazo 385, na isipopangiwa njia yake hutoka kwa namba na anwani ya Dallas. Kituo cha Dallas kinapokea, kinaona mtaa wa Dallas, na dakika zinapita mpaka mtu aulize uko wapi. Hapa sheria imekaa sawa: RAY BAUM'S Act ya mwaka 2018 inataka simu ipeleke mahali hasa, pamoja na ghorofa na chumba inapohitajika, tangu Januari 2021 kwa simu za mezani na Januari 2022 kwa zile zinazohama.

Lingine ni lile la 9 yenyewe. Kwa kuwa 9 ni laini ya nje na 1 ni ya simu za mbali, kidole kinachogonga 1 mara mbili kimeshapiga 911. Vituo vya 911 hupokea simu za namna hiyo kila siku. Dawa yake ni kuhamisha laini ya nje kwenda 8, kazi ya alasiri moja, na ofisi nyingi hazitaki kwa sababu wafanyakazi wameizoea 9. Kinyume chake pia hutokea: kwenye CallManager ya Cisco, 911 isipowekewa alama ya udharura na mpangilio wa simu za mbali ukaachwa mlegevu, mashine husubiri ione kama kuna tarakimu zaidi, na muda wa kusubiri uliotoka nao kiwandani ni sekunde 15.

Kupanga vizuri si siri. Taarifa ya 911 ipewe ekstensheni au kundi lake, lisiloguswa na hali ya usiku, wala uelekezaji wa simu kwingine, wala ujumbe wa sauti. Mchana ilie mapokezi na kwa mlinzi kwa pamoja. Usiku iende kwenye simu ya mkononi ya zamu, ile inayokabidhiwa mkono kwa mkono, na isipopokelewa kwa sekunde chache iruke kwa msimamizi. Ibebe namba ya chumba, na namba ya kurudishia simu iwe ya chumba hichohicho, maana kituo cha 911 kikipiga kurudi na kukutana na sauti inayosema bonyeza 1 kwa mauzo, kimepoteza mtu. Namba 933, ambayo watoa huduma wengi wa simu za intaneti wanayo, humsomea fundi anwani itakayoonekana kituoni bila kumsumbua mpokeaji yeyote. Ipigwe kutoka kila ghorofa na kila tawi, siyo kutoka chumba cha mitambo peke yake. Na jaribio la taarifa ya ndani lifanyike saa nne usiku, siku ya Jumapili, kwa miadi na kituo cha 911, huku meneja aliyetia saini mkataba wa mfumo akiwa amesimama koridoni na saa mkononi.