Rangi Inayopotea na Maji ya Kahawa

Kuanzia Machi hadi Juni, wakulima wa Gitega nchini Burundi, wa Makebuko wakiwamo, hubeba kahawa mbivu hadi kwenye vituo vya kuoshea. Mashine humenya ganda, punje huvundikwa ili ute uachie, kisha husuuzwa. Maji yanayotoka hapo yana sukari nyingi kiasi cha kuua samaki mtoni. Yana pia rangi ya ganda.

Rangi hiyo ni anthosiyanini, jamaa ya ile inayoipa wekundu sharubati ya rosela, nayo ni antioksidanti. Mwaka 2007, Prata na Oliveira wa Brazil walionyesha kuwa anthosiyanini kuu katika ganda bichi la kahawa ni siyanidini-3-rutinosidi. Italia imekuwa ikiuza rangi ya aina hii, itokanayo na maganda ya zabibu, tangu 1879.

Namna ya kuinasa inajulikana. Maji huchujwa, hutiwa asidi ya sitriki, kisha hupitishwa kwenye mnara uliojaa chembe za resini. Rangi hunasa, sukari na chumvi hupita. Baadaye resini husafishwa kwa ethanoli yenye asidi kidogo, ethanoli hurudishwa kwa kuivukiza, na kinachobaki hukaushwa kuwa unga.

Ugumu uko kwenye muda na chokaa. Vimeng'enya vya ganda huanza kuiharibu rangi mara tu linapochubuliwa, kwa hiyo maji ya jana hayafai. Chokaa, inayotiwa ili kuua ukali wa maji, huyageuza kuwa ya kijani iliyoiva, hata meusi. Rangi inaswe kabla ya chokaa, siku ileile.

Hata hivyo, tusidanganyane: mnara huo hautakasi maji. Sukari inabaki, na bwawa la kuyatibu bado ni lazima. Kafeini nayo hunasa pamoja na rangi, hivyo unga huo hauwezi kuwekwa katika chakula cha watoto bila kafeini kutenganishwa kwanza. Isitoshe, sehemu kubwa ya rangi hubaki kwenye ganda lenyewe. Kituo cha zamani kinaweza kutumia hata lita 20,000 kwa tani moja ya kahawa mbivu. Rangi iliyozimuliwa hivyo ni ghali mno kuikusanya. Mashine za kumenya zinazookoa maji hutumia karibu lita 1,000.

Kwa hiyo fedha ya kwanza iende kwenye mashine hizo, ganda libebwe bila kusukumwa na maji, na rangi ikamuliwe kutoka kwenye ganda hilo. Resini ije baadaye.